Nilivyotibu makovu ya uso kwa leza baada ya kuunguzwa saluni

Nilikuwa na umri wa miaka 41 nilipoamua kuushughulikia uso wangu. Mashavu yalikuwa na vishimo vilivyoachwa na chunusi za ujana, na juu ya vishimo hivyo kulikuwa na madoa meusi yaliyofifia na kurudi kila msimu wa jua kali. Mkorogo sikuwahi kuupaka, kwa sababu shangazi yangu aliutumia miaka mingi na nikaona ngozi yake ikiwa nyembamba hadi mishipa ikaonekana. Kwa hiyo rafiki aliponiambia kwamba iko saluni hapa Dar es Salaam inayotengeneza uso kwa leza, bila kupaka dawa yoyote, nilidhani nimepata njia salama.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Mada ya mawimbi ni ya kidato cha nne, na nimeifundisha mara nyingi kiasi kwamba siingii nayo darasani na kitabu. Hata hivyo nililala kwenye kile kitanda, nikavishwa miwani ya giza, na sikuuliza swali ambalo nisingekubali mwanafunzi wangu alisahau: mwanga huo una urefu gani wa wimbi? Aibu hiyo bado ninayo.

Kila mmuliko ulichoma kama kuchapwa na mpira wa kufungia noti. Usiku uso uliwaka, na asubuhi nilipojitazama kwenye kioo niliona mistatili iliyopangana mashavuni kama vipande vya dhumna. Baada ya wiki moja magamba yalibanduka, na chini yake rangi ilikuwa nyeusi kuliko ile niliyokwenda kuiondoa, isipokuwa sehemu mbili ndogo zilizopauka. Saluni walinieleza kwamba ngozi inajisafisha, nirudi kwa awamu ya pili. Sikurudi.

Daktari wa ngozi niliyemwendea alisomea Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, na alihitaji dakika moja tu kuielewa ile mistatili. "Mwalimu, hii haikuwa leza," alisema. Ilikuwa taa yenye mmuliko mkali, inayotoa mchanganyiko wa mawimbi kuanzia takriban nanomita 500 hadi 1,200 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na umbo la mistatili lilikuwa alama ya dirisha la kichwa cha mashine. Leza ya kweli hutoa wimbi la urefu mmoja uliochaguliwa, na kuchagua huko ndiko kunakoamua nani atapona na nani ataungua.

Alichonieleza baada ya hapo kilinigusa kama mwalimu kuliko kama mgonjwa. Melanini, ile rangi inayotufanya tuwe weusi, hunyonya mwanga, lakini hunyonya mawimbi mafupi kwa wingi zaidi kuliko mawimbi marefu. Mwanga wa nanomita mia tano na kitu ukitua kwenye ngozi kama yangu hukamatwa palepale juu, ukageuka joto na kuunguza tabaka la nje kabla haujafika popote. Mwanga wa nanomita 1,064, unaotolewa na leza iitwayo Nd:YAG, huipita melanini kwa urahisi zaidi na kuzama hadi kwenye tabaka la ndani, ambako joto la kiasi huamsha seli zitengeneze kolajeni mpya, ile protini inayoipa ngozi uimara, na kolajeni hiyo ndiyo inayonyanyua vishimo kidogo kidogo. Muda wa kila pigo la mwanga nao una hesabu yake. Mwaka 1983 watafiti Anderson na Parrish, wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba pigo likiwa fupi kuliko muda ambao shabaha, yaani kile kinacholengwa na mwanga ndani ya ngozi, huhitaji kupoa, joto hubaki kwenye shabaha bila kusambaa kwa majirani. Nilitoka pale nikiwa na swali jipya la mtihani.

Nilitaka tuanze wiki hiyohiyo, naye akakataa. Ngozi nyeusi iliyovimba hujibu jeraha lolote kwa kumwaga rangi, kwa hiyo leza juu ya ngozi iliyotoka kuungua ingeongeza weusi tu. Kwa miezi minne nilipaka asidi azelaiki, dawa ya kufifisha madoa, usiku, na mchana krimu ya kukinga jua yenye rangi ya kahawia, ambayo imetiwa oksidi za chuma, kwa kuwa kwenye ngozi yetu hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho unaweza kukoleza madoa. Nilibadilisha pia kiti changu kwenye daladala. Kumbe kioo cha dirisha huzuia sehemu tu ya miali ya jua, na ile inayopenya ndiyo iliyokuwa ikinipiga shavu la kulia kila asubuhi kutoka Mbagala.

Mwezi wa tano alifanya jaribio la leza ya Nd:YAG chini ya taya, eneo dogo kama kucha ya kidole gumba, kisha tukasubiri wiki sita. Hakuna weusi uliotokea. Ndipo tukaanza, mara moja kila wiki nne, kwa mara sita, naye kila mara akitumia nguvu ndogo kuliko nilivyotarajia. Hisia yake haikufanana kabisa na ile ya saluni: joto lilipanda polepole kama vile mtu amesogeza pasi karibu na shavu, na kila nilipomwambia kwamba limezidi, alisimama. Uso ulikuwa mwekundu kwa saa chache tu na siku iliyofuata niliingia darasani. Gharama ya mara zote sita ilizidi mshahara wangu wa mwezi mmoja, nami nililipa kwa fedha ya kikoba.

Kabla ya kuanza alinipiga picha akiwa amefunga mapazia na kuwasha taa ileile, akarudia kila baada ya mara mbili, na nisingekuwa na picha hizo ningeapa kwamba hakuna kilichobadilika hadi mara ya nne. Madoa ya mistatili yalififia karibu yote. Vishimo vipana vimepungua kina, hasa nikisimama kwenye mwanga wa pembeni, lakini vile vyembamba vilivyochimbika kama tundu la sindano viko palepale, na daktari alikuwa ameniambia hivyo tangu siku ya kwanza. Nilipoomba mara ya saba alinionyesha picha mbili za mwisho zikiwa pamoja, akaniuliza kama naona tofauti. Sikuiona. Mstatili mmoja uliopauka bado upo karibu na sikio la kulia, na wanafunzi wangu wa mbele wanaujua.