Seconds Out ya Genesis: sikiliza dramu kwanza

Mabishano kuhusu Seconds Out huanza na sauti. Mwimbaji Peter Gabriel aliondoka Genesis, bendi ya rock ya Uingereza, mwaka 1975, mpiga dramu Phil Collins akashika maikrofoni, na albamu hii ya santuri mbili ya 1977 inatusikilizisha Collins akiimba nyimbo za mwenzake mbele ya watu. Anaziimba vizuri sana. Lakini utamu wenyewe, kwangu mimi, uko nyuma yake.

Collins hakuweza kuimba na kupiga kwa wakati mmoja usiku kucha, kwa hiyo bendi ilimchukua Chester Thompson, aliyewahi kupiga na Frank Zappa na Weather Report. Maneno yakikoma, Collins hurudi kwenye dramu zake na wanapiga wawili. Nenda mwisho wa Afterglow. Studioni ni wimbo wa taratibu wa dakika nne hivi. Hapa wote wawili wanashusha mfululizo wa mapigo kwa pamoja, na wimbo unapata uzito ambao studioni haukuwa nao. Mapigo hayo yana asili yake: Thompson alikuwa ameshayapiga kwa Zappa, kwenye Roxy & Elsewhere ya 1974.

Sehemu kubwa ya albamu ilirekodiwa Palais des Sports, Paris, Juni 1977. The Cinema Show ni ya ziara ya 1976, na anayepiga pamoja na Collins humo ni Bill Bruford. Linganisha. Bruford ni mwepesi, anachezea katikati ya mapigo. Thompson anakaa chini na kubeba. Sehemu ndefu ya kinanda inakwenda kwa mapigo saba, hivyo ukihesabu nne nne utapotea mara moja. Hesabu hadi saba, uanze tena.

Supper's Ready imechukua upande mzima wa tatu, zaidi ya dakika 24. Ikifika sehemu ya mapigo tisa, hesabu tatu, mbili, nne, ukifuata besi na dramu. Usimfuate Tony Banks: kinanda chake kinapita juu bila kujali hesabu hiyo, na mvutano huo ndio unaofanya kurudi kwa sauti ya Collins kukusisimue mwili mzima.

Hapo ndipo santuri inapoleta shida. Upande mrefu hivyo huchongwa kwa sauti ya chini, kwa sababu mifereji ambamo sindano hupita lazima ibanane. Halafu kilele kinaangukia karibu na katikati ya sahani. Kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika, mfereji wa nje hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 50 kwa sekunde. Ule wa ndani, kama 21 tu. Mawimbi ya sauti yanabanwa, na sindano iliyopangwa vibaya huanza kukwaruza pale pale unapotaka usafi. Panga kichwa cha sindano kwa karatasi ya kupimia, safisha ncha kabla ya kugeuza upande, na kama unaweza tumia sindano yenye ncha ya umbo la yai badala ya ya mviringo.

Kwa faili za kidijitali tatizo ni jingine. Dance on a Volcano inaingia Los Endos bila kusimama. MP3 huongeza ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa faili, na programu isiyojua kuuondoa itakukatia mlio katikati. Tumia FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti, washa uchezaji usio na mwanya, na uzime kabisa ule mpangilio wa kuchanganya mwisho wa wimbo na mwanzo wa mwingine.

Kasoro moja hakuna kifaa kitakachoirekebisha: gitaa la Steve Hackett, aliyeiacha bendi albamu ikiwa bado inachanganywa, limewekwa nyuma mno ya vinanda. Kwenye Firth of Fifth, ambayo hapa inaanza bila ule utangulizi wa piano, ongeza sauti solo yake inapoanza.