Kapoti (kondomu) ziko, vijana hawazichukui

Huku kwetu Kivu ya Kusini, Kongo, iwe Kabare, Walungu au Kalehe, kijana wa miaka 17 asiyejua kwamba SIDA (UKIMWI) inaambukizwa kwa ngono utamtafuta sana. Amesikia redioni, shuleni, hata kanisani. Kinachomkwamisha ni kujiuliza nani atamuona akichukua kapoti au akipimwa. Miradi mingi inayotoka Bukavu mjini inapanda na megafoni na fulana, inahesabu watu waliokuja kwenye mkutano, kisha inashuka. Hilo swali la kijana linabaki palepale.

Chukua kapoti. Zinafika kwa boksi la 144, na boksi linawekwa kwenye kituo cha afya, juu ya meza ya mapokezi, mbele ya mama wanaosubiri kupimisha watoto kilo. Mmoja wao ni shangazi wa huyo kijana. Atachukua namna gani? Mwisho wa mwezi boksi bado limejaa, na ripoti inasema vijana hawana haja nazo. Liondoe pale. Kwa wavulana, mahali pazuri ni nganda (baa), kwa kinyozi, pale motari, yaani madereva wa pikipiki za abiria, wanapongojea wateja, na kwenye njia ya kuingia machimbo. Kwa wasichana nganda haifai kabisa. Akionekana pale jioni, jina lake limekwisha. Wao wanafikiwa kwenye atelye ya ushonaji, kwa msusi, na kwa mama anayeuza sabuni na pedi sokoni. Weka 20 au 30 kwa mara moja, ujaze tena kila siku ya soko. Ukiacha boksi zima, watoto watazipuliza na kufunga nazo mipira.

Joto ndilo adui wa kwanza wa kapoti. Boksi likikaa chini ya bati, au kwenye begi la moto juani mchana kutwa, mpira unachoka kabla ya tarehe iliyoandikwa. Fundisha kuangalia mambo mawili: tarehe, na hewa ndani ya pakiti. Ukibonyeza bila kusikia hewa, itupe. Mafuta nayo ni shida. Mawese, vazelini na mafuta ya kujipaka vinaharibu mpira kwa dakika chache tu, ila vijana wengi wanapaka wakidhani wanausaidia. Wengine wanavaa mbili pamoja, wakati moja inatosha. Zikisuguana zinaweza kupasuka. Na wakati wa kuonyesha, usiruke hatua ya kubana ncha ili hewa itoke, wala ile ya kushika mdomo wa kapoti wakati wa kutoka, kabla uume haujalegea. Waelimishaji wengi wanaonyesha kuvaa tu, halafu wanaishia hapo.

Kupima VVU kijijini kunahitaji akili zaidi ya vifaa. Pamba ya alkoli inapita kwenye kidole, unangoja kikauke, unachoma pembeni, tone la kwanza unalipangusa. Kwa kipimo cha Determine, damu ni mikrolita 50, halafu tone moja la maji maalum ya kipimo hicho, na unasoma baada ya dakika 15, usipite 60. Vipimo vinatunzwa kati ya digrii 2 na 30, na kifuko kifunguliwe mtu akiwa amekwisha kukaa, kwa sababu unyevu unaharibu karatasi. Kipimo hiki cha kwanza kikionyesha virusi, bado si jibu: vipimo vingine vya mpango wa kitaifa lazima vithibitishe. Na aliyejiweka hatarini wiki iliyopita arudi baada ya miezi 3, hata kama leo hana kitu.

Sasa, kosa linalofukuza vijana. Mwenye kipimo kilichoonyesha kitu anakaa ndani muda mrefu kuliko wenzake, na walio nje wanahesabu dakika. Jioni kijiji kizima kimejua. Dawa yake ni ndogo: kila mtu akae ndani muda uleule, tuseme dakika 30, kila mtu atoke na bahasha ileile yenye karatasi na kapoti, na kila mtu apewe tarehe ya kurudi. Mpimaji atoke kijiji kingine. Sheria ya Kongo ya 2008 juu ya watu wanaoishi na VVU inalinda siri ya mpimwa, lakini sheria haisimami mlangoni kuwaziba watu macho.

Saa 72 ni hesabu ambayo kila mama wa soko, kila motari na kila mwalimu anapaswa kuijua kwa kichwa. Aliyebakwa, au aliyepasukiwa na kapoti na mtu mwenye virusi, anaweza kuanza dawa za kuzuia VVU ndani ya muda huo, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Anazimeza siku 28 bila kuruka. Mara nyingi muda unaliwa na familia: wazee wanakaa, mbuzi za fidia zinatajwa, mambo yamalizwe kwa amani, na siku ya nne ndipo msichana anapelekwa. Wengine wanampeleka kwanza polisi kutafuta karatasi. Dawa haingoji karatasi. Kituo cha afya kwanza, mengine baadaye. Muuguzi mkuu wa kituo aulizwe kila mwezi kama dozi ziko kwenye kabati lake, maana barabara zikifungwa na stoki ikikatika, msichana aliyefika kwa wakati atarudi mikono mitupu.

Vidonge vya PrEP, vya kumeza kila siku kabla ya hatari, vinafaa sana kwa msichana asiyeweza kumlazimisha mwanaume kuvaa. Anahitaji siku 7 za kumeza kabla ya kuvitegemea. Lakini usivitangaze kijijini kabla ya kuhakikisha viko kituoni kwa miezi mitatu mbele.

Na reko, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, anayejaza yale maboksi alipiwe nauli ya pikipiki. Nauli hiyo iandikwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, kabla ya fulana.