Kitamu kidogo baada ya mlo

Mwaka niliokaa Kyoto, Japani, nilipokewa na familia moja ambayo, baada ya chakula cha jioni, haikuwa na desturi ya kuleta keki wala aiskrimu mezani. Mama mwenye nyumba alimenya tunda moja la kaki, tunda tamu la rangi ya chungwa, akalikata vipande vinane, akavipanga katika kisahani, nasi watu wanne tukala viwili viwili, tukivichoma kwa kijiti, bila haraka. Kwangu mimi niliyekulia Tanga, niliyezoea kaimati zilizolowa shira, lilikuwa somo kubwa.

Siku za wageni aliandaa yokan, kitamu cha maharage mekundu ya azuki yaliyopondwa na kupikwa kwa sukari, kisha yakagandishwa kwa kanten, ambayo hutengenezwa kutokana na mwani. Hakina siagi, maziwa wala mayai. Sukari imo, tena si haba, nami sipendi kumdanganya mtu. Tofauti iko katika kipande chenyewe, ambacho hakikuzidi upana wa vidole viwili, na katika chai ya kijani isiyotiwa sukari inayofuata, ambayo uchungu wake husafisha ulimi kiasi kwamba hamu ya kipande cha pili huisha.

Tangu nirudi nyumbani, embe moja hututosha watu wanne, na chai ya baada ya mlo ninainywa kavu, bila sukari. Kaimati tumeziwekea Ramadhani, na zikifika mezani tunazifurahia kuliko zamani.