Roda Alikuja Kusikiliza

Wapendwa katika Bwana,

Juma lililopita, tulipokuwa tukitaja haja zetu kabla ya kuomba, dada mmoja aliyehitimu masomo yake karibuni alisimama akatuomba tumkumbuke, kwa kuwa ametuma maombi ya kazi katika kituo cha huduma kwa wateja. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, macho yakiwa sakafuni, kwamba ni kazi ya kupokea simu tu. Tulimwombea, tukaendelea na haja nyingine, lakini neno lile "tu" limekaa nami juma zima. Najua linatoka wapi. Linatoka katika miaka ya masomo, katika ada zilizolipwa kwa shida, katika picha za mahafali na katika swali la jamaa ambao kila wakikutana nawe wanauliza umepata wapi. Kazi yangu ya kwanza baada ya kuhitimu ilikuwa hiyo hiyo, nami kila nilipoulizwa nilijibu kwa "tu". Kwa hiyo nimeona vema tafakari hii niielekeze kwake na kwa wenzake wote wanaotuma barua zao siku hizi, tukiongozwa na Matendo ya Mitume 12:12-16.

Habari yenyewe tunaifahamu. Petro yuko gerezani, amekabidhiwa kwa vikosi vinne vya askari wanne wanne, naye analala kati ya askari wawili akiwa amefungwa minyororo. Malaika anamtoa usiku, na Petro anakwenda nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana aitwaye Marko, ambako watu wengi wamekusanyika wakiomba. Anabisha langoni, na anayetoka ni kijakazi aitwaye Roda. Katika hadithi hii sisi huwa tunamtazama Petro, malaika na minyororo, na Roda tunampita haraka. Lakini Luka, ambaye hakututajia majina ya wale wengi waliokuwa ndani wakiomba, alilitunza jina la msichana wa mlangoni, na akaieleza kazi yake kwa neno moja: alikuja kusikiliza.

Hakuwa na njia ya kumwona aliyebisha. Ulikuwa usiku, lango limefungwa, na kilichomfikia ni sauti pekee, akaitambua. Sidhani kama katika Maandiko yote kuna mtu anayekaribia zaidi kazi ya mhudumu wa simu kuliko huyu. Mtu asiyeonekana anabisha, ana haja, pengine ana hofu, na kati yake na msaada amesimama mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusikiliza. Lugha yetu yenyewe imekwisha kuliona jambo hili, kwa maana tunasema tumepokea simu kwa neno lile lile tunalolitumia kwa mgeni aliyepokewa mlangoni. Anayepokea simu mia kwa siku amepokea watu mia, hata kama hakumwona hata mmoja.

Kuna jambo la pili katika andiko hili, nalo linatugusa sisi tunaofanana na wale waliokuwa ndani. Walikuwa wakimwombea Petro. Roda akaingia mbio kuwaambia kwamba Petro yuko langoni, nao wakamjibu, "Una wazimu." Waliomba kwa bidii, na jibu lilipobisha hodi hawakuliamini, labda kwa sababu lilifika mapema kuliko walivyotarajia, au kwa sababu lililetwa na kijakazi. Nawaomba wazazi na walezi miongoni mwetu tulitafakari hili kwa uzito. Tumewaombea vijana wetu kazi kwa miezi mingi, na mmoja anapokuja na habari kwamba ameitwa kwenye usaili wa kituo cha simu, tunamwuliza kama ndicho alichokisomea. Sisemi kwamba kila nafasi inayojitokeza ni jibu la Mungu. Nyingine ni za kukataa, na nitazitaja. Nasema tu kwamba tusimwite mtu mwenye wazimu kabla hatujafungua lango na kutazama ni nani aliyesimama hapo.

Sasa tuje kwenye barua yenyewe. Tunaiita barua ya maombi, na anayeiandika tunamwita mwombaji, maneno yale yale tunayoyatumia tunapopiga magoti, na mimi nimependa kuyachukulia kwa uzito huo. Mtu hathubutu kumwomba Mungu kwa maneno ya uongo, kwa kuwa anajua anasikilizwa na anayeujua moyo. Basi na barua ya kazi iandikwe kama ya mtu anayejua kwamba Mungu naye anaisoma. Usiandike kwamba unazungumza kwa ufasaha lugha ambayo unaifahamu kwa salamu tu. Mbali na dhambi yenyewe, katika kazi hii uongo huo hugunduliwa upesi kuliko katika kazi nyingine yoyote, kwa kuwa msaili atabadili lugha katikati ya mazungumzo na wewe utabaki kimya. Ukiulizwa kama unaweza kufanya zamu za usiku, za mwisho wa juma na za sikukuu, jibu ukweli. Kama kuna siku ya ibada ambayo huwezi kuiacha, iseme mapema na kwa adabu, uulize jinsi zamu zinavyopangwa na kama wafanyakazi huruhusiwa kubadilishana, badala ya kukubali kila kitu leo na kuanza kutoa visingizio mwezi wa pili. Bwana wetu alisema ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo (Mathayo 5:37), na sioni kwamba aliitoa fomu ya maombi ya kazi katika agizo hilo.

Wengi huniambia hawana la kuandika kwa sababu hawana uzoefu. Dada yetu huyu kwa miaka miwili amekuwa akisimama mlangoni siku za ibada kuwapokea wageni, akiandika majina yao na kuwafuatilia katikati ya juma. Amekuwa katibu wa vijana, akipokea malalamiko ya safari iliyoahirishwa na michango iliyochelewa, na kuyajibu bila kugombana na mtu. Hayo yote hayakuwamo katika wasifu aliouandika. Alijaza ukurasa mzima kwa orodha ya masomo aliyofaulu. Nilimsihi aandike upya. Anayeajiri katika kituo cha simu anataka kujua kama umewahi kumsikiliza mtu aliyekasirika, ulifanya nini, na jambo liliishaje. Mfano mmoja wa kweli, ulioelezwa katika mistari mitatu, una uzito kuliko kusema kwamba wewe ni mchapakazi unayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo, maneno ambayo kila mwombaji huyaandika.

Kuhusu nafasi za kukataa nitasema machache. Mtu akikutaka ulipe fedha ili jina lako lipelekwe mbele, au ulipie mafunzo na vifaa kabla hujasaini mkataba wowote, jiondoe, hata kama anataja jina la Mungu katika kila sentensi. Usimpe mtu namba ya siri ya akaunti yako kwa kisingizio cha ajira. Kabla ya kusaini, soma mkataba uone kama mshahara ni wa kudumu au unategemea mauzo, kwa sababu vipo vituo vinavyopokea simu na vipo vinavyopiga simu kuuza bidhaa, na hizo ni kazi mbili tofauti.

Katika usaili wenyewe, pamoja na maswali ya kawaida, mara nyingi msaili huigiza mteja mwenye hasira na kukutaka umhudumie. Vijana wengi hukosea hapo, nao hukosea kwa kujua mno: wanakuwa wamekariri jibu, kwa hiyo mteja akifika katikati ya malalamiko yake wanamkatiza ili waonyeshe kwamba wamekwisha kuelewa. Mithali 18:13 inasema kwamba ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake. Mwache amalize. Mwambie kwa maneno yako ulichokisikia, umwulize kama umeelewa sawasawa, ndipo uanze kutafuta suluhisho. Hapo ndipo jawabu la upole la Mithali 15:1 lina nguvu, kwa sababu limetanguliwa na sikio. Upole unaotolewa bila kusikiliza, mteja husikia kwamba ni maneno ya kukaririwa, na hasira yake huongezeka. Tangu simu ilipoanza ndivyo ilivyokuwa. Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1876, na wa kwanza kuajiriwa kuunganisha simu walikuwa wavulana, ambao walijulikana kwa kuwatukana wapigaji na kuwafanyia mizaha. Tarehe 1 Septemba 1878, mjini Boston, Marekani, Emma Nutt akawa mwanamke wa kwanza kuifanya kazi hiyo, naye akakumbukwa kwa sauti yake tulivu na uvumilivu wake.

Wapo pia wanaoogopa usaili kwa ajili ya lafudhi yao. Hofu hii siidharau. Waamuzi 12 inatuambia kwamba watu wa Gileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani na kumtaka kila apitaye aseme "Shibolethi". Aliyesema "Sibolethi" aliuawa, na wakaanguka watu 42,000 kwa ajili ya sauti moja waliyoshindwa kuitamka. Inahuzunisha kwamba hata leo mtu hupimwa utu wake kwa namna anavyotamka. Lakini kutofautisha lafudhi na matamshi yasiyosikika vizuri ni jambo la haki, na matamshi hayo yanaweza kufanyiwa mazoezi. Laini ya simu ya kawaida, kwa jinsi ilivyoundwa tangu zamani, hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi (hezi ni kipimo cha wembamba na uzito wa sauti), ilhali sikio la kijana mwenye afya husikia hadi karibu hezi 20,000. Sehemu kubwa ya sauti ya S iko juu ya mpaka wa simu, ndiyo maana katika simu S na F huchanganyika, na mhudumu hulazimika kusema "S ya Samweli" au "F ya Filipo" anapoandika jina la mteja. Kwa hiyo usijitaabishe kuiga lafudhi ya watu wengine. Punguza mwendo, tamka miisho ya maneno, rudia majina na namba kwa aliyekupa ili ahakikishe. Musa alisema ulimi wake ni mzito, na Mungu hakumbadilishia ulimi. Alimpa Haruni, na akamtuma na ulimi ule ule.

Ukiajiriwa, utakuta kwamba simu zako zinarekodiwa na msimamizi anazisikiliza, na kwamba kila dakika inahesabiwa. Vituo vingi hujiwekea lengo la kupokea simu 80 katika kila 100 ndani ya sekunde 20, na hapo ndipo uvumilivu uliouahidi kwenye usaili hujaribiwa kwelikweli, kwa maana foleni inaonekana mbele yako huku mzee mmoja anakueleza habari zake tangu mwanzo. Utakaripiwa kwa makosa ambayo hukuyafanya. Siku nyingine utarudi nyumbani usitake kusikia sauti ya mtu yeyote, hata ya wale unaowapenda, na ni vema waliomo nyumbani walijue hilo mapema ili wasidhani umebadilika.

Mimi mwenyewe, katika juma langu la pili kazini, nilipigiwa simu na mama mmoja aliyekuwa akilia. Fedha alizomtumia mwanawe zilikuwa hazijafika, na tayari alikuwa amepiga mara tatu bila kusaidiwa. Nilitafuta kwenye kompyuta na, kwa neema, nikaona tatizo lilipokuwa. Nilifurahi mno, nikavua vipokea sauti na kukimbilia meza ya msimamizi ili aidhinishe marekebisho, bila kumwambia yule mama neno lolote. Niliporudi laini ilikuwa kimya. Alisubiri, hakusikia kitu, akaona ameachwa kwa mara ya nne, akakata. Nilimpigia mara kadhaa siku ile bila kumpata. Ndiyo sababu kila nisomapo kwamba Roda, kwa furaha, hakulifungua lango, bali alipiga mbio kuingia ndani na kumwacha Petro nje akiendelea kubisha, nasoma polepole. Alikuwa ameisikia sauti na kuitambua, na moyo wake ulikuwa mwema. Bado mtu alibaki amesimama gizani, ilhali wapo waliotaka kumwua.

Usaili wa dada yetu ni Alhamisi, saa nne asubuhi. Walio na nafasi saa hiyo wamkumbuke kwa jina. Nawaomba pia wawili au watatu kati yenu wampigie simu Jumatano jioni, mmoja baada ya mwingine, kama wateja wenye hasira: mmoja amsomee namba ndefu kwa haraka, mwingine amkatize katikati ya maneno, na wa tatu anyamaze kabisa aone atafanya nini. Kisha kila mmoja, kabla ya kukata simu, aombe pamoja naye.