Barafu inayoukabili upepo

Nimeshuka kutoka paani sasa hivi. Vidole bado vinauma.

Zamu ya usiku hapa kituo cha hali ya hewa kileleni mwa mlima haina ujanja: kila saa unasoma vipimo, upende usipende. Saa tisa usiku kipima upepo kikaonyesha sifuri, na huku mlango wenyewe nausukuma kwa bega!

Nikajua tu. Kimeganda.

Nikapanda na nyundo ya mpira. Tuko ndani ya wingu, taa ya kichwani haifiki hata mita mbili.

Ndipo nikaiona. Barafu imeota kwenye nguzo kama manyoya ya ndege, ndefu kama kiganja changu. Na haikujificha nyuma ya nguzo, imeota kuelekea kule upepo unakotoka. Matone ya wingu hubaki maji hata chini ya nyuzi 0, yakigusa kitu yanaganda palepale. Hilo nalijua miaka yote, lakini nilisimama nikiitazama mpaka kope zikaanza kushikana.

Nikaigonga. Hata mlio sikuusikia, upepo uliubeba.

Vikombe vya kipima upepo vikaanza kuzunguka.

Wenzangu wa zamu za usiku, nyinyi leo mmeona nini?