Maharage bila kumaliza makaa

Jamani, presha kuka, ile sufuria inayofungia mvuke ndani, imeniokoa! Hapa Kampala tuko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharage yalikuwa yananilia makaa asubuhi nzima. Ndani ya presha joto linafika karibu nyuzi 120, na maharage niliyoloweka usiku yameiva kwa dakika 20!

Nilichukua ya lita 7 pale soko la Owino, baada ya kukagua mpira wa mfuniko na kuuliza kama vipuri vinapatikana. Mpira ukichakaa, mvuke wote unatoroka. Maharage siyajazi kupita nusu, povu lake huziba tundu la mvuke. Na sifungui mpaka mvuke uishe, hata watoto wakilia njaa.