Saa 22:30 iliyosomeka 1350

Jioni ile tulikuwa tunapitia faili la Ansible (programu ya kuendesha kazi zilezile kwenye seva nyingi) la kupanga bakapu za hifadhidata kwenye seva zote za ofisi, kabla halijaendeshwa usiku. Kijana wa kitengo chetu aliyeliandika alikuwa ameshalipima kwa `ansible-playbook --syntax-check`. "Dada, limepita," akaniambia. Kweli lilipita, ila amri ile haigusi seva hata moja. Inaangalia tu kama YAML, muundo wa maandishi ambao faili limeandikwa nao, inasomeka na kama kazi zimepangwa kwa muundo unaoeleweka. Thamani mbovu iliyoandikwa kwa sarufi safi haioni.

`yamllint`, programu ya kukagua mafaili ya YAML, ilikamata `owner` (mwenye faili) iliyoandikwa mara mbili ndani ya kazi moja. Hapo Ansible hutoa onyo, kisha huchukua ya mwisho na kuendelea, na onyo lenyewe huzama kwenye maandishi mengine. Tukafuta moja.

`ansible-lint`, inayokagua mafaili ya Ansible, ndiyo iliyotukalisha. Ilisimama kwenye faili la nywila, palipoandikwa `mode: 600` (ruhusa za nani asome, aandike au aendeshe faili), ikataja kanuni ya `risky-octal`. Namba ikiandikwa hivyo husomwa kama 600 ya kizio cha kumi, ambayo kwa kizio cha nane ni 1130. Tuliiendesha kwenye mashine ya majaribio, na `stat -c %a`, inayotaja ruhusa za faili, ikaonyesha 1130 kweli. Maana yake mwenye faili hawezi kulisoma, amebaki na ruhusa ya kuliendesha tu, huku kundi lake likiweza kuandika ndani yake. Programu ya bakapu ingegoma kwa "Permission denied", na mtu angeanza kutafuta kosa kwenye hifadhidata, mahali ambapo halipo. Dawa ni `mode: "0600"`, na hizo alama za nukuu zisiachwe.

Baada ya hapo tukaja kwenye `--check --diff`, yaani jaribio lisilobadilisha kitu ila linaonyesha mabadiliko ambayo yangefanyika, tukiielekeza seva moja kwa `--limit`. Ilikatika katikati. Kazi moja ilitumia `shell` (kuendesha amri moja kwa moja kwenye seva) kusoma toleo la hifadhidata, na kazi ya pili ilitegemea jibu lake. Wakati wa `--check`, kazi za `shell` hurukwa, kwa hiyo jibu halikuwepo. Tuliweka `check_mode: false` kwenye kazi ile ya kusoma, na hiyo peke yake. Ukiiweka kwenye kazi inayobadilisha kitu, jaribio linageuka kuwa utekelezaji wenyewe.

Tukarudia. Safari hii `--diff` ilitoa mistari ya timer za systemd, zinazoanzisha kazi kwa saa iliyopangwa kwenye Linux, ile ya asubuhi na ile ya usiku:

`+OnCalendar=*-*-* 08:30:00`
`+OnCalendar=*-*-* 1350:00`

Kwenye vigezo kijana alikuwa ameandika `08:30` na `22:30`, zote bila nukuu. Ansible husoma YAML kwa kanuni za toleo la 1.1, ambamo namba zilizotenganishwa kwa nukta mbili huweza kuhesabiwa kwa kizio cha 60: 22 mara 60, jumlisha 30, unapata 1350. Ile ya asubuhi imenusurika kwa sababu inaanza na sifuri, kwa hiyo inabaki maandishi. Hili ndilo kosa baya kuliko yote ya faili lile, kwa kuwa `yamllint` na `ansible-lint` zote zililiacha lipite. Bakapu ya asubuhi ingefanya kazi, kila mtu angeridhika, na ya usiku isingepangwa kabisa.

Tuliweka nukuu kwenye saa zote, kisha tukatazama `ansible-inventory --host` kwa ile seva, amri inayoonyesha thamani kama Ansible ilivyozielewa. Ikaandika `"22:30"`. Tukaipitisha pia kwa `systemd-analyze calendar`, ikakubali na kutaja saa ya kuendeshwa inayofuata. Ndipo faili likaendeshwa kwenye seva ile moja bila `--check`, na zilizobaki zikafuata kwa `serial: 1`, yaani moja moja, ili ya kwanza kugoma isimamishe nyingine.

Kwa mafaili ya sudoers, yanayosema nani aruhusiwe kutumia mamlaka ya msimamizi, tuliongeza na `validate: 'visudo -cf %s'` ndani ya kazi yenyewe. Hiyo hukagua nakala ya muda kabla haijawekwa mahali pake, na ikigoma, faili la zamani linabaki kama lilivyo.